Naomba ushauri: mama anaumwa miguu, chanzo hakijulikani

Habari zenu ndugu. Mama yangu ana miaka 61, miguu inamsumbua muda mrefu. Usiku nyayo zinawaka moto na kufa ganzi, hadi analia. Akitembea kidogo, mashavu ya miguu yanakaza, akisimama yanaachia. Eksirei ya magoti ilikuwa safi, basi anapewa dawa za maumivu tu, jambo linaloniumiza sana.

Ana kisukari na anatumia metifomini miaka mingi. Najua sukari huharibu neva, na dawa hiyo yaweza kushusha vitamini B12, lakini hajawahi kupimwa. Tuanze na B12, mzunguko wa damu miguuni, au MRI (kipimo cha picha za ndani ya mwili) ya uti wa mgongo? Na tumwone daktari bingwa yupi kwanza?