Yah: Mpwa wangu, mpira wa kikapu na safari ya Hasheem Thabeet

Ndugu wanajumuiya,

Salaam. Mpwa wangu yuko kidato cha nne Dar es Salaam, ni mrefu kuliko wote mtaani kwao, na anataka kuja Marekani kwa njia ya Hasheem Thabeet, yule Mtanzania mchezaji wa kikapu. Mimi nimesikia tu kwamba Hasheem alishindwa NBA, ligi kuu ya kikapu ya kulipwa ya Marekani. Anayeijua vizuri safari yake naomba anieleze.

Mama wa Minneapolis

---

Mama, shikamoo.

Nilikuwa naishi Connecticut miaka ile, na naumia kila ninaposikia historia ya Hasheem ikianzia NBA, kana kwamba ile misimu mitatu ya chuo, kati ya 2006 na 2009, haikuwahi kuwapo. Alianza kucheza kikapu akiwa kijana wa miaka 15 hivi, akasoma shule ya Makongo, Dar es Salaam, kisha akamalizia sekondari Houston, ambako makocha wa vyuo walipata nafasi ya kumwona akicheza, na ndipo kocha Jim Calhoun akampokea Chuo Kikuu cha Connecticut. Mwaka wa kwanza alikuwa na wastani wa pointi 6.2 kwa mchezo. Wa tatu ulifika 13.6, pamoja na ribaundi 10.8, yaani mipira anayodaka baada ya mtupo kukosa kikapu. Katika misimu hiyo alizuia mitupo 417. Nilikuwa nawatazama wachezaji wa timu pinzani wakiingia na mpira hadi chini ya kikapu, wakiuona mkono wake umenyooshwa, kisha wakigeuka na kutoka nao nje bila hata kujaribu kutupa.

Haikuwa raha tupu. Tarehe 16 Februari 2009, siku aliyotimiza miaka 22, Connecticut ikiwa namba moja nchini, DeJuan Blair wa Pittsburgh alimwelemea kwa pointi 22 na ribaundi 23, na yeye akaambulia pointi 5. Hata hivyo, msimu ulipokwisha wawili hao waligawana tuzo ya mchezaji bora wa Big East, ligi ya vyuo waliyochezea, na Hasheem akachukua ya mchezaji bora wa ulinzi kwa mara ya pili mfululizo. Timu ilifika nusu fainali ya taifa kule Detroit. Mwezi Juni, NBA ilipochagua wachezaji wapya, timu ya Memphis ikamchukua wa pili, mbele ya James Harden na Stephen Curry.

Kuhusu mpwa wako: atunze vyeti na matokeo yake yote, kwa sababu NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, hukagua masomo kabla ya kumruhusu mchezaji, na asisaini chochote na wakala. Akija kwa viza ya F-1, ile ya wanafunzi, fedha za matangazo wanazopokea wenzake Wamarekani zinaweza kumharibia viza, kwa hiyo aulize ofisi ya wanafunzi wa kigeni kabla ya kupokea hata dola moja.

Mwanajumuiya wa Hartford

---

Marahaba, mwanangu. Leo jioni nampigia mama yake, tuanze na vyeti.