Kujenga timu upya NBA: kupoteza makusudi au kuuza nyota?

MpiraWaUsiku:
Wakuu, kijana wangu kaniuliza swali nikakosa jibu, nawaletea. Timu ya NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, ikichoka, ijengwe vipi? Philadelphia walipoteza misimu kadhaa ili wachague mapema kwenye drafti, yaani zamu za timu kuchagua wachezaji chipukizi, ambako timu dhaifu hutangulia. Boston waliwauza Paul Pierce na Kevin Garnett kwa Brooklyn mwaka 2013, wakapewa machaguo ya drafti ya Brooklyn. Oklahoma City walimuuza nyota wao Paul George kwa Clippers ya Los Angeles mwaka 2019. Mimi naegemea Oklahoma.

DadaUpanga:
Mkuu, Philadelphia iondoe kabisa. Msimu wa 2015-16 walishinda mechi 10, wakafungwa 72! Walimpata Joel Embiid, sikatai, na mwaka 2023 akawa MVP, mchezaji bora wa msimu. Lakini 2017 walilipa ili wapande hadi chaguo la kwanza, wakamchukua Markelle Fultz. Boston, waliowauzia nafasi hiyo, wakamchukua Jayson Tatum kwenye la tatu. Halafu chipukizi anayefungwa kila usiku anajifunza nini?

MwanaTemeke:
Dada umenena. Tena chaguo la kwanza hupatikana kwa bahati nasibu, na zamani timu ya mwisho ilikuwa na nafasi ya asilimia 25 ya kulipata. Mwaka 2019 zikashushwa hadi 14.

Na sisi Watanzania tunajua uchungu wa drafti. Mwaka 2009 Hasheem wetu, Hasheem Thabeet, alichaguliwa wa pili na Memphis. Mtaani tulishangilia kama tumechaguliwa sote. Wa tatu akawa James Harden, wa saba Stephen Curry, wote wakaja kuwa nyota wakubwa. Februari 2011, hata misimu miwili haijatimia, Memphis wakampeleka Houston. Simlaumu hata kidogo. Mchezaji mrefu anahitaji muda, na hakupewa.

MpiraWaUsiku:
Ndiyo maana nasema Oklahoma. Kwa George walipata Shai Gilgeous-Alexander, Danilo Gallinari, machaguo matano ya raundi ya kwanza na haki ya kubadilishana nafasi za drafti na Clippers mara mbili. Shai alikuwa na msimu mmoja tu NBA. Moja ya machaguo hayo ndiyo Jalen Williams, wa 12 mwaka 2022. Mechi ya tano ya fainali za 2025, huku kwetu saa tisa na nusu usiku, nimekaa sebuleni sauti nimeipunguza watoto wasiamke. Williams akafunga pointi 40 dhidi ya Indiana. Nilipiga kelele nyumba nzima ikaamka.

BabuKikapu:
Wanangu, Oklahoma nao walipoteza. Walishinda mechi 22, msimu uliofuata 24, ndipo wakampata Chet Holmgren chaguo la pili. Boston ndio walioumia kidogo kuliko wote: walikuwa na machaguo ya Brooklyn, kwa hiyo Brooklyn wakifungwa, Boston wanavuna. Jaylen Brown 2016, Tatum 2017, na mwaka huohuo 2017 wako fainali ya kanda, hatua moja kabla ya fainali za NBA. Ubingwa wakauchukua 2024.

DadaUpanga:
Shikamoo Babu. Nakubali, ila Boston walimpata mnunuzi mwenye haraka. Clippers vilevile: walimtaka George ili nyota Kawhi Leonard naye aje. Bila mtu wa hivyo sokoni, machaguo hayo huyapati.

MwanaTemeke:
Na muuzaji akiwa na haraka je? Februari 2025 Dallas walimtoa nyota wao Luka Dončić, miaka 25, wakapata Anthony Davis, Max Christie na chaguo moja tu la raundi ya kwanza. Miezi michache baadaye, kwa nafasi ya asilimia 1.8, bahati nasibu ikawapa chaguo la kwanza, wakamchukua Cooper Flagg. Babu, hiyo tuiweke kundi gani?