Vitunda vyeusi ukingoni mwa shamba: ni mukawa au msunguti?

Mwenye shamba, Kajiado
Wadau, kwenye mawe ukingoni kuna vichaka vya mita 2 hivi. Majani yameota mawili mawili yakielekeana, utomvu mweupe, maua meupe yanayonukia, vitunda vyekundu vinavyoiva kuwa vyeusi. Vingine vina miiba, vingine sioni. Majirani wanasema vyote ni mukawa, yaani olamuriaki wa Wamaasai, ambao matunda yake huliwa. Watoto wachume?

Jibu 1
Wasichume kwanza. Dalili zote hizo, isipokuwa miiba, anazo pia msunguti, olmorijoi wa Wamaasai, mti wa sumu ya mishale. Ni wa ukoo mmoja na mukawa, ndiyo maana vinafanana hadi harufu ya maua.

Anza na miiba. Mukawa una miiba migumu, iliyonyooka, sentimita 2 hadi 5, mara nyingine yenye panda. Msunguti hauna mwiba, ila ncha ya jani lake ni kali na huchoma, na hapo ndipo wengi hudanganyika. Usiamue kwa tawi moja: machipukizi ya mukawa huweza kukosa miiba. Fuata tawi mpaka shinani.

Jibu 2
Tazama na maua. Ya mukawa hukaa kwa shada kwenye ncha za vitawi. Ya msunguti hubanana kwenye makwapa ya majani, yaani pale jani linapoungana na tawi. Kuonja si kipimo! Sumu ya msunguti huvuruga mapigo ya moyo. Aliyekula apelekwe hospitali mara moja, pamoja na kitawi chenye majani.

Mwenye shamba
Asante. Na kile chenye vitunda vidogo vya bluu-nyeusi vilivyoshonana, majani yananuka ukiyafikicha?

Jibu 1
Shina likiwa la pembe nne na majani yanakwaruza, hiyo ni lantana. Vitunda vyake vibichi ni sumu, na majani hudhuru mifugo. Ng'oa na mizizi. Ukikata tu, itachipua.

Mukawa uliothibitika upake rangi shinani, watoto wachume hapo tu, vile vyeusi vilivyolainika. Vyekundu bado vina utomvu unaonata mdomoni.

Jibu 2
Msunguti ukiukata, vaa glavu, utomvu usiingie kidondani wala jichoni. Na tafadhali, vijiti vyake visichongwe kuwa vya mishikaki, wala kuni zake zisichomee nyama.