Kikundi: Kamati ya Harusi, Kakamega

Mhazini: Hamjambo wapendwa. Mchango uliofika ni 86,000. Bajeti ni 640,000. Aliyeahidi naomba atume.

Shangazi wa Mumias: Mwenye bustani ya kufanyia sherehe anataka nusu ya pesa zake kufikia Ijumaa, la sivyo anawapa watu wengine.

Bibi Harusi: Shangazi, naomba bustani tuiache. Jana nimejua Baba amechukua fomu ya mkopo wa sako. Laki tatu, kulipa miaka mitatu, na wadhamini ni walimu wenzake wawili. Wadogo zangu bado wako sekondari. Sitaki kusimama pale nimependeza huku mshahara wa Baba unakatwa kila mwezi kwa ajili ya siku moja.

Shangazi wa Mumias: Mwanangu, wewe ndiye wa kwanza kuolewa. Jirani alimwozesha binti yake kwa droni na magari ya rangi moja. Watu watasema kwetu tumeishiwa.

Binamu wa Kisumu: Shangazi, hiyo harusi mimi nilikuwa kwa kamati. Mwenye hema mpaka leo ananipigia simu kwa sababu risiti ina jina langu. Na maharusi wenyewe wamehamia chumba kimoja, wanalipa madeni. Zile picha mnazotumiana hapa hazionyeshi hayo.

Baba: Binti yangu, nilitaka tu ufurahi. Kila nikienda sokoni naulizwa, mwalimu, mnaalika wangapi? Nikitaja watu wachache wananiangalia vibaya.

Bibi Harusi: Najua Baba, na inaniuma. Lakini sikiliza. Matangazo yameshasomwa kanisani mara mbili. Padre atatufungisha Jumamosi asubuhi, halafu tule nyumbani. Viti tutaazima kwa kina mama wa jumuiya. Gauni fundi wa sokoni ameshanipima. Mahari wazee walishaelewana. Na kwa Sheria ya Ndoa ya 2014, ndoa zote zikisajiliwa zina hadhi moja, iwe ya kanisani, ya kimila, ya Kiislamu au ya kwa msajili. Cheti changu hakitapungua kitu kwa kukosa bustani.

Mjomba: Na upande wa bwana harusi? Wasije wakaona tumewadharau.

Bibi Harusi: Tumeamua pamoja, Mjomba. Mama mkwe amesema watakuja kutoka Nakuru na matatu moja tu.

Nyanya (ameandikiwa na mjukuu): Mimi niliolewa watu wakala kuku na ugali, kina mama wakaimba mpaka usiku. Nataka kuimba kwa harusi ya mjukuu wangu. Huko bustanini mngeniketisha nyuma na sahani ya karatasi.

Shangazi wa Mumias: Na wale 300 tuliowaambia?

Bibi Harusi: Kadi hazijachapishwa. Tuwapigie tuwaeleze ukweli. Anayetupenda ataelewa.

Shangazi wa Mumias: Haya. Moyo wangu bado ni mzito, lakini sitaki kaka yangu aingie deni. Kuku nitaleta mimi, na jikoni mniachie.

Baba: Fomu bado iko hapa mezani. Nawapigia wale walimu jioni hii niwaambie haihitajiki tena. Asante, mama.

Mhazini: Basi 86,000 ni ya chakula na usafiri. Aliyetuma kwa ajili ya bustani na anataka arudishiwe, aniandikie kando. Shangazi, mwenye bustani ajulishwe leo.

Shangazi wa Mumias: Nampigia sasa hivi.