Tupeane uzoefu: uongozi wa wanafunzi na klabu za vyuo vya ufundi zilikusaidia nini mtaani?

Mranda Mbao
Wakuu, juzi nipo Keko, vijana wa fenicha wameunda kikundi wanataka mkopo wa halmashauri, ile asilimia 4 ya mapato ya halmashauri inayotengwa kwa vijana. Katiba hawana, muhtasari wa kikao hakuna anayejua unaandikwaje. Wanatazamana tu. Dogo mmoja kimya kimya akasema "nipeni kalamu". Kumbe alikuwa katibu wa serikali ya wanafunzi chuo cha ufundi. Nikakumbuka mbali sana. Waliopita huko mje, mlitoka na nini?

Waziri Mstaafu
Waziri wa chakula hapa. Ugali mbichi nalaumiwa mimi, maharage yana mawe nalaumiwa mimi. Leo nasimamia mafundi saiti Kigamboni, makelele yao hayanisumbui kabisa.

Gerezani Daima
Klabu yetu sisi ilikuwa kijiwe cha kahawa. Ufundi nimeupata Gerezani chini ya gari, cheti nikaja kukipata VETA kwa urasimishaji, wakanipima ninachokijua. Mambo ya klabu ni kupoteza muda.

Msomi wa Tabata
Ndiyo maana hatuendelei. Marekani wana SkillsUSA, chama cha wanafunzi wa ufundi, ilianza 1965 ikiitwa VICA. Wanashindanisha uchomeleaji na ufundi magari, lakini pia kuhojiwa kazi, kuhutubia, hadi kufungua na kufunga kikao. Wanafunzi wa kilimo nao wana chama chao, FFA, tangu 1928.

Gerezani Daima
Marekani tena! Huku mashine moja inagombaniwa na darasa zima, wewe unaleta hotuba. Nipe vijiti vya kuchomelea kwanza.

Msomi wa Tabata
Kujieleza hakuli vijiti, mkuu.

Dada Ovaroli
Ngoja nifunguke maana mmenitonesha. Mimi nilikuwa mweka hazina wa klabu ya wachomeleaji, msichana peke yangu karakana nzima. Tukapata nafasi ya kuonyesha kazi Sabasaba, viwanja vya Mwalimu Nyerere, tukapeleka mashine ya kupukuchua mahindi. Mzee mmoja kutoka Kilosa akaipenda, akaagiza ya kwake, akatoa advansi keshi palepale. Mwenyekiti akasema hela atakaa nayo yeye, eti mimi mtoto wa kike nitaibiwa kwenye daladala. Nikamwambia sawa kaka, saini hapa. Akacheka weee, akasaini.

Maonyesho yakaisha, chuma hakijanunuliwa, simu ya mwenyekiti haipatikani. Siku moja tupo mstarini asubuhi, difenda hiyooo! Mzee kashuka na askari. Viongozi wote wa klabu tukapandishwa, chuo kizima kinatuangalia. Kituoni afande anauliza nani ameshika hela? Wenzangu wote, pamoja na niliyekuwa nampikia chai, wakaninyooshea kidole. Si ndiye hazina!

Nikaingiza mkono mfuko wa ovaroli nikatoa kidaftari. Tarehe, kiasi, jina, saini. Afande akakisoma akakirudia, akasema "dada kaa pembeni". Wenzangu wakabaki kaunta mpaka mwalimu wa karakana alipokuja kuwadhamini.

Bonde la Mpunga
Chai hii. Punguza tangawizi.

Dada Ovaroli
Wewe huamini kwa sababu hujawahi kuona ndani ya difenda. Endelea hivyohivyo.

Waziri Mstaafu
Mzee alipata mashine yake?

Dada Ovaroli
Alipata. Mwalimu alituruhusu kutumia vyuma chakavu vya karakana, tukaimaliza usiku. Mwenyekiti alipatikana kwao, ameshanunua bodaboda. Ikauzwa.

Mama Vitambaa
Niko hoi 😂😂 Somo nililolipata: ukiwa chuoni gombea uhazina, utajifunza vitabu vya hesabu.

Bonde la Mpunga
Thubutu! Hela ya wenzio usiiguse. Gombea usafi na mazingira, fagio haliibwi.

Waziri Mstaafu
Kwetu liliibwa.

Gerezani Daima
Haya, kwenye kidaftari nakubali. Mimi wateja wananizungusha madeni kila siku, sina hata karatasi. Lakini hicho ni kidaftari, siyo klabu.

Msomi wa Tabata
Na nani alimfundisha kukitunza?

Dada Ovaroli
Bibi yangu. Alikuwa anauza maandazi kwa mkopo.

Gerezani Daima
😂😂😂 Msomi njoo hapa.

Mkulima Chanika
Samahanini nawakatisha. Dada, mashine ya kupukuchua bado unatengeneza? Bei?

Dada Ovaroli
Natengeneza kaka. Njoo inbox. Advansi unasaini.