Watoto wa Mlalo 🌿: redio ya Babu

JUMAMOSI

[06:41] Mjomba Salehe: *(picha: waridi, kikombe cha chai, "Asubuhi yenye baraka")*

[07:02] Mama Rama: Asalam aleykum familia. Ramadhani imebaki wiki mbili. Redio ya Baba imekufa. Mwaka jana mnajua kilichotokea, sitaki kurudia. Mwaka huu anunuliwe redio ya maana. Kila mtu 20,000 na ya kutolea. Kabla ya Jumatano.

[07:03] Mama Rama: 1. Mama Rama 20,000 ✅
2. Hassan
3. Athumani
4. Idi
5. Mjomba Salehe
6. Mama Kijakazi
7. Wengine jazeni

[09:30] Mama Rama: Naona tiki za bluu tu hapa

[09:58] Athumani Arusha: Dada shikamoo. Mwaka jana kilitokea nini, mimi nimesahau 😇

[10:01] Mama Rama: Athumani.

[10:02] Athumani Arusha: Si alikunywa uji saa tatu asubuhi mtaa mzima umefunga 😂 akamkaribisha na shehe

[10:04] Idi Kariakoo: 😂😂😂 na shehe akakaa

[10:05] Mama Rama: Ndiyo maana nasema anunuliwe. Mufti akitangaza mwezi asikie mwenyewe, asingoje kuambiwa na watoto.

[10:11] Athumani Arusha: Kwa nini asisikilize redio mbao, Mlalo nzima inashika vizuri haina haja ya betri

[10:40] Athumani Arusha: Utani tu. Mimi nashauri sabufa. Ina blutuzi, ina sehemu ya flashi, 65,000 tu huku. Tunamjazia mawaidha na taarabu kwenye memori kadi anasikiliza mwaka mzima bila kutafuta stesheni

[10:42] Hassan Tanga: Na mwezi utaandama kwenye memori kadi?

[10:42] Idi Kariakoo: 💀

[10:55] Mama Rama: Idi wewe upo Kariakoo, bei zikoje? Nataka kubwa yenye nguvu, inayokamata FM zote.

[11:37] Idi Kariakoo: Shangazi shikamoo. Nilikuwa na wateja. Tatizo si nguvu ya redio. FM inakwenda kama mwanga wa tochi, mlima ukikaa katikati basi. Pale kwa Babu ni bondeni kabisa. Ukipanda juu barabarani Taifa inasikika hata kwa kisimu cha batani, ukishuka kwa Babu unasikia shhhhh. Ununue ya laki tano, mlima uko pale pale

[11:39] Mama Rama: Kwa hiyo asisikilize redio kwa sababu ya mlima?

[11:46] Idi Kariakoo: Hapana. Njia ya kwanza ni waya. Sentimita 75 upande huu, 75 upande huu, unafungwa juu kwenye ule mpea nyuma ya nyumba, waya mwingine unashuka mpaka kwenye redio. Unaweza kuokota FM moja mbili. Njia ya pili ndiyo anayotumia Babu siku zote, mawimbi ya kati. Yale usiku yanapanda angani yanarudi chini, mlima hayaujali. Ndiyo maana zamani alikuwa anapata Zanzibar na Mombasa amelala kitandani

[11:48] Idi Kariakoo: Sasa hizi redio mpya nyingi zimejaa taa za disko, mawimbi ya kati wameweka kama mapambo tu. Ya kununua ni ile ambayo ndani ina kile kijiti cheusi kirefu kilichozungushiwa waya, hiyo ndiyo antena yake. Kile chuma cha kuvuta kwa mawimbi ya kati hakisaidii kitu, unageuza redio yenyewe mpaka sauti ikae

[11:49] Idi Kariakoo: Na ukichukua ya kuandika namba hakikisha kwenye mawimbi ya kati inaruka kilohezi 9 siyo 10. Kuna zinazokuja zimesetiwa za Marekani zinaruka 10, stesheni zetu unazipita pembeni. Redio za Tecsun zina pa kubadilisha ila bei imechangamka

[12:20] Mama Rama: Imechangamka ngapi?

[12:21] *Ujumbe huu umefutwa*

[12:22] Mama Rama: Idi nimeiona.

[13:05] Hassan Tanga: Toka BBC waondoe Kiswahili kwenye mawimbi mafupi, 2011, mzee hajawasamehe mpaka leo. Ukimtajia anakuuliza waliondoa kwa ruhusa ya nani 😄

[13:07] Hassan Tanga: Lakini tuseme ukweli. Ile redio yake ya zamani, National, ingekuwepo tusingekuwa tunazungumza haya.

[13:09] Athumani Arusha: Nilijua tutafika tu

[13:10] Hassan Tanga: Sijataja jina la mtu

[13:12] Athumani Arusha: Niliipeleka kwa fundi Lushoto, fundi akahama. Nimeeleza mara mia. Mlitaka nimfuate mpaka kwao?

[13:13] Hassan Tanga: Alihama na redio. Na baiskeli je, nayo ilikuwa kwa fundi redio?

[13:13] Mama Kijakazi: 🙊

[13:14] Athumani Arusha: Kaka baiskeli usiilete humu. Tukianza baiskeli tutafika kwenye shamba la Rangwi na hapo hutapenda

[13:15] Mama Rama: BASI. Tunazungumza redio. Idi nitumie bei faragha. Mjomba Salehe mchango?

[13:50] Mjomba Salehe: *(video iliyosambazwa mara nyingi: faida za kitunguu saumu)*

[17:26] Zuhura Mlalo: Shikamooni wote. Nipo jiweni ndo mtandao umeshika, nimesoma zote. Redio ya Babu haijafa

[17:26] Mama Rama: Marahaba. Haijafa vipi? Yeye mwenyewe aliniambia haisemi.

[17:29] Zuhura Mlalo: Inasema shangazi. Mchana akikaa nayo nje jikoni inasema vizuri. Jioni nikishawasha taa ndo inaanza zzzzzzz mpaka anaizima. Betri sio, kila siku anazianika kwenye ungo na mahindi, na juzi kaweka mpya

[17:30] Idi Kariakoo: Ngoja. Taa zipi?

[17:30] Zuhura Mlalo: Za sola

[17:31] Idi Kariakoo: Redio anaiweka wapi usiku?

[17:33] Zuhura Mlalo: Dirishani pale pale pa zamani. Kile kiboksi cha sola chenye vitaa kipo juu yake ukutani, fundi alikifunga hapo mwaka jana

[17:34] Idi Kariakoo: 🤦🏽‍♂️

[17:36] Idi Kariakoo: Tatizo ni hilo. Kile kiboksi kinakata na kuunga umeme maelfu ya mara kwa sekunde moja, na taa zenyewe za LED zina mambo hayo hayo. Kelele yote inaingia mawimbi ya kati. FM isingesikia sana, lakini FM pale haipo

[17:38] Athumani Arusha: Subirini kidogo. Sola alileta nani vile? 🤔

[17:38] Hassan Tanga: 👀

[17:41] Mama Rama: Sola nilinunua MIMI laki tatu na nusu. Wenzangu mlichanga elfu kumi kumi na wengine mpaka leo nawadai. Kwa hiyo sasa mimi ndiye nimemharibia Baba redio?

[17:42] Idi Kariakoo: Hapana shangazi, hakuna aliyesema hivyo. Kiboksi kihamishwe tu. Zuhura leo usiku fanya hivi, redio iwe imewashwa, zima taa zote, chomoa na chaja ya simu. Kelele ikiisha tumepata mchawi. Ikibaki, chomoa waya za kiboksi, kwanza za paneli halafu za betri. Kisha rudisha ulichochomoa, washa taa, umpelekee redio upande wa pili wa nyumba, mita nne tano, usikilize

[17:44] Mama Rama: Asichomoe chomoe waya mtoto wa watu, ataunguza. Redio nyingine inanunuliwa. Hassan, hela yako.

[17:52] Zuhura Mlalo: Babu yupo hapa, alikuwa anatoka msikitini. Nimemsomea

[17:53] Hassan Tanga: Umemsomea yote??

[17:53] Zuhura Mlalo: Na ya baiskeli

[17:55] Zuhura Mlalo: 🎤 *Ujumbe wa sauti (0:48)*

[17:57] Mama Kijakazi: Mimi sina bando la sauti, kasema nini

[18:01] Zuhura Mlalo: Kasema hivi: "Wasalimie. Taa mmeniwekea ili mkija muone pa kupita. Nyumba hii nimeijenga kwa mikono yangu, gizani sijikwai. Redio ndiyo yangu. Mnapokuwa hampo, ndiyo inayosema humu ndani." Halafu kakohoa kakaa kimya. Halafu kasema Hassan aache baiskeli ya watu

[19:36] Shangazi Korogwe: KAKA YANGU AMESEMA. NIMESIKILIZA MARA TATU. MWISHO ALIYEENDA MLALO KATI YENU NI NANI NA ILIKUWA LINI

[20:15] Mama Rama: Shikamoo shangazi. Tumesikia.

[20:16] Hassan Tanga: Shikamoo shangazi.

[20:31] Athumani Arusha: Shikamoo shangazi. Mimi Idi hii nitakwenda inshallah

[20:32] Idi Kariakoo: Nipo 😅

[20:32] Athumani Arusha: Idi sikukuu sio Idi wewe

[21:10] Mama Rama: Zuhura umejaribu? Kelele imeisha?

[21:48] Mama Rama: Zuhura

JUMAPILI

[06:44] Mjomba Salehe: *(picha: njiwa wawili, "Jumapili njema")*

[08:19] Zuhura Mlalo: Samahanini jana simu ilizima, huwa naichaji kwa sola hiyo hiyo na Babu kasema isiwashwe. Tulikaa gizani. Imesema vizuri mpaka saa tano, kuna stesheni hata lugha yake hatuijui lakini kaiacha tu

[08:20] Idi Kariakoo: 🙌🏽 mchawi huyo. Sasa kiboksi kihamie chumba cha stoo na waya ziwe fupi. Redio nyingine msinunue kwanza

[08:26] Mama Rama: Fundi wa kuhamisha ni nani na nani anamlipa? Waliokwisha kutuma hela zinakaa kwangu, sirudishi. Ama fundi ama redio, tutaona. Mpaka sasa:
1. Mama Rama 20,000 ✅
2. Hassan 20,000 ✅ (bila ya kutolea)
3. Athumani
4. Idi
5. Mjomba Salehe
6. Mama Kijakazi (ameahidi)

[08:31] Hassan Tanga: Usiku taa iwashwe saa ngapi na redio saa ngapi? Daku atakula gizani?

[08:50] Athumani Arusha: Mimi nimeshatuma mchango wangu kwa vitendo. Betri kubwa nane nimempa konda wa basi jana jioni ateremshe Mlalo

[08:51] Mama Rama: Konda gani?

[09:40] Mama Rama: Athumani konda gani?