Naomba ushauri: kisiki cha mwembe mkubwa kiwanjani Ipuli, Tabora. Nina sururu, jeki na chenibloku tu

Mjenzi_Ipuli

Wakuu, habari zenu. Nipo Tabora mjini, Ipuli. Nimeanza kumjengea mama nyumba ya vyumba viwili kwenye kiwanja alichoachiwa na marehemu baba. Pale unapopita msingi wa upande wa mashariki kuna kisiki cha mwembe. Baba aliupanda kwa kokwa kabla sijazaliwa. Mwezi wa sita tuliukata, kwa sababu shina lilishaoza katikati na tawi moja kubwa liliangukia ukuta wa jirani. Mtendaji alikuja akaona mwenyewe, tukaruhusiwa.

Nimekipima: upana sentimita 110, kimebaki juu ya ardhi sentimita 60. Nimefukua kidogo pembeni nikakuta mizizi minene kama paja. Mtambo hauwezi kuingia, uchochoro una mita moja na nusu tu. Nina sururu mbili, mtaimbo, shoka, jeki ya lori ya tani 20 na chenibloku ya tani 3 niliyoazima gereji, ile ya kunyanyulia injini. Vijana wa kusaidia ni wawili.

Juzi tulifunga chenibloku kwenye mti mwingine mita sita kutoka hapo, tukavuta mpaka mnyororo ukaanza kulia. Kisiki hakikutikisika. Niliogopa mnyororo ukikatika utamuua mtu, nikasimamisha kazi. Nakitoaje? Naomba kuwasilisha.

Mkulima_Urambo

Pole mkuu. Sisi huku tukisafisha mashamba ya tumbaku tunachoma. Chukua pipa lisilo na vitako, toboa matundu chini pembeni, lisimamishe juu ya kisiki, jaza mkaa, washa. Linavuta hewa chini na moto unakula mti taratibu. Siku tatu nne unabaki na majivu.

Mjenzi_Ipuli

Asante ndugu. Nililiwaza hilo, ila banda la kuku la jirani limeezekwa nyasi na liko mita nne. Halafu bomba la maji la plastiki linapita hapo hapo pembeni. Mama amekataa kabisa.

Dada_Kaliua

Mama yuko sahihi, msikilize. Sasa hivi ni Septemba, upepo na ukavu vyote vipo. Tena mti uliokatwa mwezi wa sita bado una maji ndani, utatoa moshi wiki nzima bila kuungua. Kibaya zaidi ni mizizi: moto ukiingia kwenye mzizi mkavu unatembea chini kwa chini, unaibuka mbali na pale ulipowasha, saa ambayo watu wamelala. Kwetu tulipoteza ghala la mahindi namna hiyo. Sitamshauri mtu yeyote achome kisiki karibu na nyumba.

Mwana_Ujiji

Kwa nini usikiache tu mchwa wakile? Mwembe si mninga, wanaumaliza.

Fundi_Msingi

Anajenga juu yake, mkuu. Mchwa wakila, panabaki shimo chini ya msingi na ukuta unapasuka. Halafu hao hao mchwa wanapanda kwenye mbao za paa. Pale lazima patolewe.

Mwana_Ujiji

Nimekuelewa fundi. Ila nimkumbushe mwenye uzi kwamba mwembe haufi kirahisi. Hapa Ujiji, kwenye makumbusho ya Livingstone, kuna miembe miwili inayoelezwa kuwa imetokana na ule ambao Stanley alimkuta Livingstone chini yake mwaka 1871. Wa zamani ulikufa, kizazi chake bado kinatoa kivuli. Kisiki chako mvua ikinyesha kinaweza kuchipua. Chochote utakachofanya, fanya kabla ya Novemba.

Mzee_wa_Uyui

Mwanangu, nimetoa visiki maisha yangu yote, mitundu, mikurungu na miembe, bila mashine. Kosa lako ni moja: umetumia mnyororo kung'oa. Mnyororo ni wa kunyanyua. Kazi ya kung'oa ni ya shoka na jembe.

Piga hesabu. Kipande kilicho juu ya ardhi, upana sentimita 110 na kimo 60, ni kama nusu tani ya mti mbichi. Ongeza kitako chake na udongo ulioshikana nacho, sema tani moja na kitu. Hiyo chenibloku yako inainyanyua. Lakini mizizi kumi minene ikiwa imeshika ardhi, hata tani kumi hazitoshi. Kwa hiyo kwanza kifungue, ndipo ukinyanyue.

Acha nafasi ya sentimita 80 kutoka kwenye shina, halafu chimba mtaro kuzunguka pande zote. Mtaro uwe mpana wa kusimama mtu na kurusha shoka. Ukiubana, shoka litapiga ukuta wa shimo siku nzima na mgongo utakufa. Udongo wa huko Ipuli ni wa kichanga, una bahati. Mwagia maji jioni, asubuhi utachimbika kama uji. Ule unaoutoa uweke mbali na ukingo, usije ukamrudia aliye ndani.

Ukikutana na mzizi, usiukate hapo hapo. Ufukue wote, chini yake papite mkono. Uoshe kwa ndoo ya maji na usugue kwa ufagio wa njiti. Wengi wanaharaka hapa. Shoka likikutana na mchanga mara tatu limekwisha, na utatumia nguvu mara mbili kwa kila pigo. Kuwa na tupa, linoe kila baada ya mzizi. Kata kwanza upande wa nje wa mtaro, kisha ukate karibu na shina, kipande kitoke chote upate nafasi. Ukiacha vijiti vimetokeza ukutani vitawachoma miguu.

Upande wa bomba usitumie sururu. Tumia mikono na kipande cha ubao.

Mizizi ya pembeni ikiisha utadhani umemaliza, na kisiki bado hakitikisiki. Mwembe wa kokwa una mzizi mkuu unaoshuka wima. Huo ndio unakushika. Chimba kwa chini upande mmoja mpaka uuone.

Fundi_Gereji_Kigoma

Shikamoo mzee. Umemaliza kila kitu, mimi naongeza kuhusu vifaa tu.

Mjenzi, jeki ya namna hiyo nyingi hazifanyi kazi vizuri zikilazwa, isimamishe wima. Chimba chini ya kitako, weka ubao mnene wa mbao ngumu ndipo jeki ikae juu yake. Ukiiweka kwenye mchanga itazama yenyewe na kisiki kitabaki palepale. Jeki inapanda sentimita chache tu. Ikifika mwisho, tia magogo chini ya kisiki, shusha jeki, iinue kwa ubao mwingine, anza tena. Mtu asiingize mkono wala mguu chini ya kitu kinachoshikiliwa na jeki peke yake. Magogo yatangulie siku zote.

Chenibloku nayo imetengenezwa kuning'inia na kuvuta wima. Tafuta nguzo tatu nene za urefu wa mita nne, zifunge vichwa kwa mnyororo, miguu yake izikwe kidogo isiteleze, ifunge katikati juu ya shimo.  

Mjenzi_Ipuli

Shikamoo Mzee wa Uyui, na asanteni wote. Kesho naanza mtaro.

Mjenzi_Ipuli (siku ya tisa)

Wakuu, kimetoka.

Mtaro ulichukua siku nne. Mizizi minene ilikuwa kumi na mmoja. Ulichosema mzee kuhusu kuosha ni kweli tupu. Siku ya kwanza hatukuosha na tulikata mzizi mmoja kwa saa nzima. Siku ya pili tulikata mitatu kabla ya adhuhuri. Mzizi mkuu tuliukuta kwenye kina cha mita moja, mnene kuliko kiuno changu. Shoka halikufika, tukaumaliza kwa msumeno wa watu wawili tukiwa tumelala ubavu, magogo yakiwa yameshashikilia kisiki upande wa pili.

Halafu jeki. Ilipiga mara chache tukasikia mlio chini kama kuni inapasuka, kisiki kikainama kidogo. Vijana walipiga kelele hadi mama akatoka ndani. Nguzo tatu na chenibloku vilimaliza kazi siku iliyofuata. Bomba halikuguswa.

Sasa nina shimo kubwa. Fundi, nalijaza vipi?

Fundi_Msingi

Hongera sana. Okota vipande vyote vya mizizi, hata vidogo. Usimwage udongo wote kwa mkupuo. Jaza tabaka la sentimita 15, nyunyizia maji kiasi, shindilia mpaka kishindilio kianze kuruka, ndipo tabaka jingine. Lakini msingi wenyewe usiutegemeze kwenye udongo wa kujaza. Pale mstari unapopita, shuka mpaka ardhi ambayo haijawahi kuguswa, panda na mawe na saruji kutoka huko. Itakula mifuko kadhaa zaidi, kubali tu.

Mjenzi_Ipuli

Nitafanya hivyo. Swali la mwisho: mzizi mmoja unaingia chini ya ukuta wa jirani. Niufuate?

Fundi_Msingi

Usiufuate. Ukiutoa utaacha tundu chini ya ukuta wake. Ukate usawa wa ukingo wa shimo, na umwambie jirani upo hapo.